Bunduki Thelathini na Sita Ambazo Hazikuwahi Kuwepo

Ijumaa iliyopita nilikabidhi funguo za ghala la silaha. Funguo tatu na kufuli moja ambalo halifungi mpaka ulipige kofi. Aliyezipokea aliniuliza kama nina neno la kuwaachia nyinyi mnaobaki. Nilimwambia nitaandika, kwa sababu nikianza kusema sitanyamaza, na chai ilikuwa inapoa. Basi ndiyo haya. Vyeo vyangu na mishahara yangu havimo humu. Vyeo vilikuja kwa kuchelewa na mishahara mnaijua.

Mimi ni Mtaita wa Wundanyi, mlima wa ukungu na migomba. Siku niliyopangiwa Lodwar niliambiwa ni miezi mitatu tu. Nilipanda lori Kitale, na tulipopita Kalemng'orok nikamuuliza dereva mji uko wapi. Akasema, "Dada, hii ndiyo barabara yenyewe. Mji utauona ukifika." Niliukuta ukiwa mchanga mtupu na jua limekaa juu yake kama mwenye nyumba. Mimi Wakesho nililia kidogo nyuma ya ghala, nikanawa uso, nikaripoti kazini. Miezi ile mitatu imeisha juzi.

Fundi wa silaha siku hizo alikuwa Koplo Barasa, Mbukusu mwembamba mwenye sauti nene. Aliniangalia kuanzia viatu mpaka kofia, akanipa bunduki nisafishe. Niliipaka mafuta vizuri kama nilivyofundishwa chuoni, ikang'aa. Aliichukua, akaiweka nje kwenye upepo muda wa kunywa kikombe kimoja, akanirudishia. Ilikuwa imejaa mchanga kila kona, imebeba nusu ya mto Turkwel.

"Huku mafuta ni gundi," akasema. "Futa kwa kitambaa kikavu. Mafuta kidogo tu, kama chumvi ya mgonjwa."

Hilo ndilo somo la kwanza na bado ni la kweli. Somo la pili ndilo lililoniokoa baadaye, kwa hiyo lisomeni polepole. Barasa hakukubali mtu asome namba ya bunduki kwa macho peke yake. Joto likizidi, nane inakuwa tatu na tatu inakuwa nane, na aliyeandika atakula kiapo kwamba aliona. Alichukua karatasi nyembamba, akaiweka juu ya namba iliyogongwa kwenye chuma, akasugua juu yake kwa penseli. Namba ikajitokeza yenyewe, nyeupe katikati ya weusi. Karatasi hiyo aliibandika kitabuni, mbele ya jina la mwenye bunduki. "Chuma kimejiandika," alikuwa akisema. "Wewe umeshika penseli tu."

Somo la tatu lilikuwa kwamba bunduki haikaguliwi ofisini. Wale askari wa akiba, raia waliopewa bunduki za serikali walinde mifugo na vijiji vyao, hawawezi kuacha mbuzi waje Lodwar kukuonyesha mtutu. Sisi ndio tuliowaendea. Lowarengak nilikuta bunduki imening'inizwa samaki wa kukaushwa, kambare wanne upande huu, wanne upande ule, na mwenyewe akashangaa kwa nini nimekasirika. Kapedo mtu mmoja alikuwa amepoteza kamba ya bunduki na badala yake amefunga mshipi wa harusi yake. Nilimwacha nao, kwani ulikuwa imara kuliko wetu.

Ekai nilikutana naye katika safari ya pili. Alikuwa mkubwa wa askari wa akiba katika kijiji kimoja nje ya Kakuma ambacho sitakitaja, maana kimetajwa vya kutosha. Mtu mrefu, mkimya, kigoda chake mkononi. Nilimsalimu kwa Kiturkana changu cha wiki mbili, "Ejok-a?" Akajibu, "Ejok nooi," akageuka asinionyeshe kwamba anacheka. Kisha akanikabidhi bunduki yake. Kwenye kitako chake cha mbao alikuwa amechonga alama, sikio la ng'ombe lenye mikato miwili.

Nilimgombeza. Nilimwambia hii ni mali ya serikali, haichongwi.

"Mama," akasema taratibu, "hata ng'ombe ya serikali, ikikuja kwa boma yangu, mimi nakata yeye sikio. Nitajuaje ni yeye?"

Barasa alicheka mpaka akashika mti. Kila mwanamume wa pale, nikaja kujua, ana dume moja analolipenda kuliko mengine, na hulikata masikio kwa mkato wake. Jina la dume ndilo jina lake la kweli. Ekai kwenye kitambulisho ni Paulo Ekai. Wenzake walimwita Apa Lomeri, baba wa dume la madoadoa. Ukimwita Paulo atakuitikia kwa adabu, kama mtu aliyeitwa hospitalini. Ukimwita Apa Lomeri, atainua mikono miwili juu kama pembe za lile dume na kuliimba, hata kama yuko katikati ya chakula.

Miaka ikapita, Barasa akastaafu akarudi Bungoma, funguo zikabaki kwangu. Watu wakaanza kuniita Mama Bunduki, jina ambalo mama yangu mzazi hakulipenda. Nikaona shida moja. Kule kijijini bunduki zilikuwa zinazunguka: huyu anaenda malishoni, anamwachia ndugu yake; yule anaugua, anampa jirani. Kitabu changu cha Lodwar kilijua nani alipewa, hakikujua nani anayo leo. Nikamwomba Ekai aweke kitabu cha kijiji. Yeye hasomi, lakini katekista wao alikuwa na mwandiko mzuri. Katekista akaandika majina kama wanaume walivyomtajia, yaani kwa madume yao: Apa Loreng, Apa Lokwang, Apa Lomeri. Kando ya kila jina akachora sikio na mikato yake kama ilivyochongwa kwenye kitako. Namba hakuandika, kwa sababu hakuna aliyezihitaji. Walijua bunduki zao kama wanavyojua ng'ombe wao. Kilikuwa kitabu kizuri. Nilifanya nakala yake nikaiweka kabatini, na nilijivunia.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Sitalipamba.

Barua ilikuja kutoka ofisi moja ya juu ikitaka rekodi zote za silaha za kijiji kile. Kulikuwa na wizi wa mifugo, kulikuwa na uchaguzi unakaribia, na mambo hayo mawili yakikutana kila mtu anataka rekodi. Zote, barua ilisema. Nikatuma zote: kitabu changu chenye wanaume thelathini na sita, na kitabu cha katekista chenye wanaume thelathini na sita. Sikuambatanisha hata mstari mmoja wa maelezo. Nilidhani kila mtu anajua, kwa sababu Lodwar kila mtu alikuwa anajua. Namba za kitabu changu zilikuwa zimeandikwa pia kwa kalamu, lakini zile karatasi za penseli sikuzituma, maana zilibandikwa kwenye kitabu halisi na nakala ya mashine haikuzitoa ila weusi mtupu.

Kule juu mtu aliyekaa mbele ya kompyuta alichukua thelathini na sita, akajumlisha na thelathini na sita. Hesabu yake haikuwa na kosa. Kijiji kikawa na bunduki sabini na mbili, na nusu yazo hazina namba. Bunduki zisizo na namba, kwa mtu ambaye hajawahi kutoka Nairobi, ni bunduki zilizofichwa. Wiki haikuisha kabla mheshimiwa mmoja hajasimama redioni kusema kuna ghala la siri huko Turkana.

Jeshi liliingia asubuhi, magari ya vita yakitokea barabara ya Kakuma na ndege mbili juu. Mimi nilikuwa Lodwar. Nilizisikia tu zikipita. Watu wa kijiji walikusanywa penye kisima cha pampu wakaketishwa juani huku askari wakichimba. Walichimba mazizi ya mbuzi. Walichimba kwenye mkondo mkavu wa mto, walichimba chini ya madhabahu ya kanisa la mabati. Gari moja la vita lilirudi nyuma likaikanyaga pampu. Walichimba siku tatu, na walichopata ni maji, mahali ambapo kina mama walikuwa wanayajua siku zote.

Hapo ndipo ingesemwa kwamba bunduki hazipo. Haikusemwa. Jeshi lilikuwa limeshaingia, pampu imeshavunjika, na hakuna mkubwa atakayesimama aseme tulivamia kijiji kwa ajili ya hewa. Kwa hiyo swali halikuwa kama zipo, bali zimeenda wapi. Mheshimiwa wa upande wa serikali akasema zimehamishwa na wasaliti. Wa upinzani akasema maafisa wa serikali wameziuza ng'ambo ya mpaka. Wa tatu, ambaye hakupewa nafasi ya kusema na wale wawili, akasema ziko kwa wakimbizi Kakuma. Kesho yake wakaenda kuvunja mlango wa stoo ya Abdi, Msomali mwenye malori aliyekuwa akitubebea mizigo tangu zamani, wakakuta sukari.

Kisha wakamkamata Ekai. Walimleta Lodwar, wakamweka ndani, wakamwambia atatoka siku atakapoleta bunduki thelathini na sita.

Nilimpelekea chai. Alikuwa ameketi sakafuni bila kigoda chake, na sikuwahi kumwona bila kigoda. Alikunywa yote kabla ya kusema.

"Mama Bunduki, hii watu wanataka bunduki ambayo haijazaliwa. Mimi nitazaa namna gani?"

Naapa wakati huo sikujua ile sabini na mbili imetoka wapi. Nilijua siku mbili baadaye, kamati ilipoundwa kuja kuchunguza na nikapewa barua ya kuitwa pamoja na orodha. Niliisoma nikiwa nimesimama ghalani. Ukurasa wa kwanza: Paulo Ekai. Ukurasa wa tatu: Apa Lomeri. Niliketi juu ya sanduku la risasi. Mtu mmoja alikuwa amefanywa wawili, na mmoja wa hao wawili alikuwa amefungwa kwa sababu ya mwenzake. Na aliyewapeleka wote wawili Nairobi bila maelezo nilikuwa mimi.

Nilimwendea mkuu wangu wa wakati huo nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango.

"Sajini, sema kile kitabu cha kijiji hukukijua. Sema mzee alikileta mwenyewe. Utapona."

"Na mzee?"

Akaangalia dirishani. "Mzee ni mzee."

Sitasema nilikasirika papo hapo. Niliogopa. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na jina safi, na yeye alikuwa ananipa njia ya kuondoka na vyote. Nilitoka nikampigia simu Barasa Bungoma. Nilimweleza, nikasikia kuku upande wa pili, kisha ile sauti nene.

"Ulituma vitabu viwili bila barua?"

"Ndiyo, afande."

"Mimi nilikufundisha hivyo?"

"Hapana, afande."

Akafukuza kuku, kisha akasema, "Sasa usiende kuwaeleza. Hao wakielezwa wanasinzia. Waonyeshe. Na kosa lako litangulie kufika kabla hujafika wewe."

Nikaandika barua kwa mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mkali aliyewahi kuwa hakimu. Nilianza na kosa langu, jina langu na namba yangu ya kazi. Kisha nikaomba kitu kimoja: wanaume wote wa kijiji waletwe Lodwar na bunduki zao, bila risasi, chini ya ulinzi, na orodha zote mbili zisomwe mbele yao. Mkuu wangu aliposikia hakunisemesha siku nne. Mwenyekiti alijibu kwa mstari mmoja: "Walete."

Usafiri haukuwepo, kama kawaida ya serikali inapotafuta ukweli. Nilimwendea Abdi Kakuma. Alikuwa anatia bawaba mpya mlangoni.

"Gari chukua, Mama," akasema. "Wallahi, bure. Hizo bunduki wamenivunjia stoo kwa sababu yake. Na mimi nataka kuziona."

Tulikutana asubuhi kwenye uwanja ulio mbele ya ofisi. Kamati chini ya hema, waheshimiwa wote watatu kwenye viti vya mbele, waandishi wa habari, na nusu ya mji wa Lodwar nyuma ya kamba. Lori la Abdi likaingia, wanaume wakashuka wakajipanga, thelathini na watano. Ekai aliletwa kutoka ndani, pingu mikononi, akawekwa mwisho wa mstari. Bunduki yake, iliyokuwa imeshikwa kama ushahidi, ililazwa miguuni pake.

Mwenyekiti alisoma orodha ya kwanza. Kila aliyeitwa alijibu "Ndiyo" akaleta bunduki yake mezani. Nilikuwa na kitabu halisi cha ghala wazi mbele yangu. Nilitia karatasi juu ya chuma, nikasugua penseli, nikaweka karatasi mpya kando ya ile ya miaka yote, na mwenyekiti akatazama kwa macho yake. Namba kwa namba. Thelathini na sita, hakuna iliyokosekana, hakuna hata moja iliyouzwa ng'ambo ya mpaka wowote. Mheshimiwa wa upinzani alianza kuandika kitu kwenye simu yake, akafuta.

"Vizuri," akasema mwenyekiti. "Hizi ni zenye namba. Sasa zile nyingine ziko wapi, Sajini?"

"Naomba uendelee kusoma, mama. Orodha ya pili."

Akavaa miwani upya. "Apa Loreng."

Mwanamume wa nne katika mstari, aliyekuwa ameitikia jina la Petro dakika chache zilizopita, akaruka mbele. Mikono ikapanda juu, viwiko vikapinda, kichwa kikarudi nyuma, na akaliimba dume lake jekundu kwa sauti iliyofika sokoni. Waandishi wakaacha kalamu. Mwenyekiti akamngoja amalize.

"Apa Lokwang."

Wa tisa akaruka, pembe zake zimepinda mbele, na wenzake wakampokea kwa kishindo cha miguu. Sasa nyuma ya kamba watu walikuwa wameshaelewa, wakaanza kucheka, kisha kupiga makofi kila jina lilipotajwa. Kila mmoja alipoimba nilionyesha kitako cha bunduki yake na mchoro wa katekista: sikio lile lile, mikato ile ile. Mtu mmoja, bunduki moja, vitabu viwili. Kufikia jina la kumi na tano mwenyekiti alikuwa anajiuma midomo asicheke. Mheshimiwa wa serikali alikuwa ameinama anafunga kamba za kiatu, na kiatu chake hakikuwa na kamba.

Jina la mwisho alilisoma polepole. "Apa Lomeri."

Ekai akapiga hatua mbele. Akainua mikono, na mnyororo wa pingu ukaivuta pamoja, pembe zikagongana. Akaishusha.

"Mama mkubwa," akamwambia mwenyekiti, bila hasira, "hii dume yangu hajawahi kufungwa pembe. Mimi siwezi imba yeye hivi."

Mwenyekiti alivua miwani. "Mfungueni."

"Mama, utaratibu..." akaanza mkuu wangu.

"Mfungueni mtu huyu sasa hivi."

Pingu zikatoka. Ekai alijisugua vifundo vya mikono, akachukua muda wake. Kisha akainua ile mikono mirefu, akaliimba dume la madoadoa, na wale thelathini na watano wakaimba nyuma yake, na kina mama waliofuata lori kwa matatu na pikipiki wakapiga vigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia. Nililia mbele ya kamati, mbele ya mkuu wangu, nikiwa na sare. Sijutii chozi hata moja. Abdi, aliyekaa juu ya boneti ya lori, alipaza sauti: "Nimeziona! Sasa nani atalipa bawaba?"

Ekai alilala kwake siku ile ile. Mimi nilipewa onyo la maandishi kwa kutuma vitabu bila maelezo, na nililistahili. Liko kwenye faili langu na msilitoe. Pampu ilitengenezwa kabla ya mwezi kwisha, kwa amri ya mwenyekiti. Wale waheshimiwa watatu kila mmoja alisema redioni kwamba yeye tangu mwanzo alijua bunduki hazipo. Mkisoma fomu yetu ya sasa mtaona ina sehemu tatu: jina la kitambulisho, jina la dume, na nafasi ya kuchora sikio. Sehemu hizo mbili za mwisho ni zangu na Ekai. Nairobi wameuliza mara mbili sikio ni la nini. Wajibuni kwa adabu, na ambatanisheni barua.

Ijumaa mlinifanyia sherehe ndogo, keki na soda. Ekai alikuja kutoka Kakuma kwa lori la Abdi, mzee sana sasa, kigoda mkononi, na katekista akiwa na kile kitabu. Akakifungua ukurasa wa mwisho. Palikuwa na sikio jipya limechorwa, mikato miwili ya Ekai na mmoja zaidi. Alisema kuna ndama dume zizini mwake, mwenye rangi ya moshi kama ukungu wa huko kwetu niliokuwa nikimsimulia, na kwamba huyo ni wangu, hata kama mwanamke hapewi dume na hata kama Mtaita hajui kumchunga.

Kisha akasimama katikati ya ukumbi, akaliita jina la yule ndama kwa sauti yote aliyobaki nayo. Nilikuwa nimeshika sahani ya keki. Niliiweka chini, mimi bibi wa wajukuu wanne, na nikainua mikono yangu juu.